Ukuta wa jipsamu bafuni, kabla ya kigae cha kwanza

Dada mmoja ameniandikia hivi: "Nimegawa chumba ili nipate bafu dogo. Ukuta mpya una fremu ya mbao, nguzo zimeachana sentimita 60, na umefungwa bodi za jipsamu za kijani za milimita 12.5. Fundi ameziba maungio, akapiga skimu ukuta wote, akapaka mkono mmoja wa rangi nyeupe ya maji. Nimenunua vigae vya poselini vya sentimita 30 kwa 60, unene milimita 10, na ninataka vifike hadi darini. Upande mmoja kuna shawa, upande mwingine sinki. Fundi anasema bodi ya kijani haipitishi maji, kwa hiyo anataka kubandika moja kwa moja kwa gundi ya ndoo. Je, ukuta uko tayari?"

Dada yangu, hauko tayari. Nakuomba umwambie fundi asifungue hiyo ndoo kwanza. Bahati yako umeuliza mapema, vigae bado vimo kwenye maboksi. Yote nitakayokueleza yanarekebishika kwa siku chache, lakini vigae vikishapanda, marekebisho yake ni nyundo na patasi.

Nianze na hiyo rangi ya kijani, maana imewaponza wengi. Rangi ile ni ya karatasi tu. Kinachosaidia ni nta au silikoni iliyochanganywa na jipsamu kiwandani ili bodi inywe maji polepole. Polepole, lakini inakunywa. Kiwango cha Ulaya cha EN 520 kinaipa bodi daraja la H1, lile la juu kwa bodi za kuhimili unyevu, ikiwa itazamishwa majini kwa saa 2 na uzito wa maji iliyokunywa usizidi 5% ya uzito wake. Yaani hata iliyo bora katika aina hiyo, saa 2 zikipita, imekwisha kunywa kitu. Bodi hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mvuke: inapata unyevu sasa hivi, baadaye inakauka. Kupigwa maji ya shawa kila siku, tena ikiwa imefunikwa na vigae visivyoiruhusu kukauka, ni jambo jingine kabisa.

Fundi atakujibu kwamba vigae vyenyewe ndivyo vitakavyozuia maji. Kigae cha poselini kweli hakipitishi. Hunywa chini ya 0.5% ya uzito wake. Lakini ukuta wa vigae si kigae kimoja. Kati yao kuna grauti ya saruji, na grauti ina vitundu vidogo sana. Dondosha maji kwenye grauti kavu uitazame: inageuka rangi papo hapo, kwa sababu maji yamekwisha kuingia. Pale kona zinapokutana, grauti hupata nyufa nyembamba kama unywele, kwa kuwa kuta mbili hazichezi pamoja joto na unyevu vinapobadilika. Maji yakipita hapo hukaa nyuma ya kigae, kwenye gundi, yakitafuta pa kwenda. Kwa hiyo kinga ya maji lazima iwe nyuma ya kigae, iwe imekamilika, na iwe imekauka kabla kigae cha kwanza hakijagusa ukuta. Fundi akibishana nawe katika mengine mnaweza kuelewana, lakini hili usimwachie.

Na jipsamu ikifikiwa na maji haina ujanja. Yenyewe ni madini yaliyofungamana na maji, kiasi cha 21% ya uzito wake, na huyeyuka, gramu 2 hivi kwa kila lita. Ni kidogo, lakini ni kidogo cha kila siku. Karatasi iliyoikumbatia, ambayo ndiyo inayoipa bodi nguvu yake, hulainika na kubanduka, kisha ikawa chakula cha kuvu.

Niliwahi kuitwa kwenye bafu ambalo wenyewe walilalamikia harufu tu. Vigae vilikuwa vimesimama vizuri, grauti safi, hakuna ufa hata mmoja. Nikafungua kile kifuniko cha mviringo kinachoficha mahali bomba la shawa linapotokea ukutani. Nyuma yake tundu lilikuwa kubwa kuliko bomba kwa upana wa kidole cha mwisho, kuzunguka pande zote, na ukingo wa bodi ulikuwa wazi, haujapakwa chochote. Nikaubonyeza ukingo ule kwa kidole gumba. Jipsamu ikatoka kama unga uliolowa, na karatasi ikabanduka kama lebo ya chupa iliyokaa majini. Tulipobandua vigae tukaona doa jeusi limeanzia kwenye tundu lile, likashuka likipanuka mpaka sakafuni, na mguu wa nguzo ya mbao ulikuwa umeoza kiasi kwamba bisibisi ilizama ndani yake. Ukuta mzima uliangushwa kwa ajili ya tundu moja ambalo lingezibwa kwa dakika 5. Nitarudi kwenye matundu hayo, kwa sababu wewe utakuwa nayo angalau matatu.

Kwanza tuzungumze uzito, maana hapo ndipo skimu yako, ile plasta nyembamba iliyopigwa juu ya bodi, inapoleta taabu ambayo hukuitegemea. Bodi ya jipsamu iliyo tupu, bila skimu, hubeba hadi kilo 32 kwa mita ya mraba, ukijumlisha vigae, gundi na grauti. Ukipiga plasta juu yake, kikomo kinashuka hadi kilo 20. Hivyo ndivyo vipimo vinavyotumika katika kanuni za kazi za Uingereza, BS 5385, na mafundi wa nchi nyingi huvifuata. Wengi wanashangaa, kwa sababu skimu huonekana kama imeuimarisha ukuta. Lakini kigae hakining'inii kwenye ukuta mzima. Kinaning'inia kwenye tabaka lililo dhaifu kuliko yote, na hapo kwako tabaka hilo ni mshiko kati ya skimu na karatasi, au kati ya skimu na ile rangi.

Chukua boksi moja la vigae usome pembeni. Tuseme limeandikwa kilo 33, na ndani mna vigae 8 vya 30 kwa 60, yaani mita za mraba 1.44. Gawanya: karibu kilo 23 kwa mita ya mraba. Ongeza gundi na grauti, kilo 4 au 5. Unapata kilo 27 au 28. Kwenye bodi tupu unapita salama. Kwenye ukuta wenye skimu umezidisha kwa kilo 7 au 8 katika kila mita ya mraba. Na kufika darini hakubadilishi hesabu, kwa sababu kinachohesabiwa ni mzigo wa kila mita, si wa ukuta wote.

Je, skimu inaweza kukwanguliwa? Rangi ya maji unaweza kuiondoa kwa msasa na chuma cha kukwangulia, sawa. Skimu ukiikwangua inatoka na karatasi, na bodi iliyochanika karatasi haifai kitu. Ushauri wangu ni kuzivua bodi zote utakazozibandika vigae. Najua linauma, kazi ni mpya. Lakini bodi za ukuta mmoja mdogo hutolewa kwa nusu siku, na hapo hapo utapata nafasi ya kurekebisha fremu, ambayo nayo haijakaa sawa.

Nguzo za sentimita 60 zinafaa kwa ukuta wa kupaka rangi. Kwa vigae zikaribiane ziwe sentimita 40, au kama fundi hataki kuzisogeza, aongeze nguzo kati yao pamoja na mbao za kukingama. Jaribio lake ni rahisi: bodi zikishafungwa, sukuma kwa kiganja katikati ya nguzo mbili kwa nguvu ya mtu aliyeteleza akajishikiza ukutani. Ukuta ukicheza, grauti itapasuka. Fremu ikiwa wazi, weka pia mbao nene mahali utakapofunga sinki, kishikio, au rafu ya sabuni, na upitishe maji kwenye mabomba yote kwa mkazo wake wa kawaida, uache hadi kesho yake, kisha upapase kila kiungo kwa karatasi kavu. Mabomba yakivuja ndani ya ukuta, kinga yote utakayopaka mbele haisaidii.

Halafu simamisha rula ndefu ya mita 2 kwenye nguzo. Vigae vyako ni virefu, na kigae kirefu hakisamehi ukuta wenye tumbo. Upenyo chini ya rula usizidi milimita 3. Ukizidi, rekebisha sasa kwa kuweka vipande vyembamba nyuma ya bodi. Usikubali kuambiwa "tutaongeza gundi". Gundi nene hunywea inapokauka na kukivuta kigae.

Upande wa shawa, weka bodi za saruji. Wapo watengenezaji wanaoruhusu bodi ya kijani isiyo na skimu ndani ya shawa ikiwa imepakwa kinga kamili, na nimeziona zikidumu. Lakini kwa kuwa zako zinashuka vyovyote iwavyo, sioni sababu ya kurudisha jipsamu mahali penye maji. Bodi ya saruji ikilowa hailainiki wala haina karatasi ya kulisha kuvu. Hata hivyo nayo hupitisha maji, hivyo haikuondolei kazi ya kinga. Kuna pia bodi za povu gumu zilizofunikwa neti na saruji, nyepesi na nzuri sana kwa mtu anayefanya kazi peke yake. Ukizipata zitumie, ila tumia skrubu zake zenyewe na washa zake, vile visahani vinavyokaa chini ya kichwa cha skrubu.

Katika kufunga, skrubu ziwe za aina isiyoshika kutu, ziachane sentimita 15 hadi 20. Kwenye bodi ya jipsamu kichwa cha skrubu kizame kidogo tu bila kutoboa karatasi. Skrubu iliyotoboa karatasi haijashika chochote, ing'oe uweke nyingine kando. Acha milimita 3 kati ya bodi na bodi, na chini kabisa acha upenyo wa sentimita 1 hivi kutoka sakafuni. Upenyo huo wa chini ni muhimu. Bodi inayokalia sakafu hunyonya maji kwenda juu kama utambi wa taa.

Maungio ya upande wa shawa yasizibwe kwa ule unga mweupe wa maungio ya jipsamu, kwa sababu ukilowa hurudi kuwa laini. Bandika tepu ya neti ya nyuzi za kioo, ile inayohimili saruji, kisha ijaze kwa gundi ya vigae ya saruji na uisawazishe kwa mwiko. Ukikuta tuta limejitokeza, likwangue kabla halijakomaa.

Sasa praima, ile inayopakwa kwanza ili kitakachofuata kishike. Hapa mafundi wengi huchukua gundi nyeupe ya mbao, wakaipunguza kwa maji, wakaupaka ukuta. Usikubali. Gundi hiyo ikipata unyevu hulainika tena, na unyevu wa kwanza utakaoifikia ni wa gundi ya vigae yenyewe. Tumia praima ya akriliki iliyotengenezwa kwa kazi hii. Kwenye upande wa sinki, ambako jipsamu itabaki, praima ina kazi kubwa kuliko kutuliza vumbi. Jipsamu ni salfeti ya kalsiamu. Ikikutana na alumina iliyomo kwenye saruji, pakiwa na maji, huzaliwa fuwele zinazoitwa etringaiti, ambazo hutanuka na kuisukuma gundi kutoka ukutani. Kigae kinashika vizuri mwanzoni, kisha siku moja kinadondoka kizima, nyuma yake kukiwa safi na unga mweupe kidogo. Watu hulaumu gundi, kumbe saruji iliachwa ikagusana na jipsamu. Pakeni praima ukuta wote, na kingo za bodi zilizokatwa zipate mikono miwili.

Kisha ndipo kinga yenyewe, ile ya maji maji inayopakwa kwa brashi na rola ikakauka kuwa utando kama mpira. Anza na kona, kabla ya ukuta. Paka kona ya ukuta na ukuta, na kona ya ukuta na sakafu, na utando ukiwa bado mbichi laza tepu ya kona juu yake, nusu upande huu na nusu upande ule, kisha paka juu yake. Usiikaze tepu hadi ikanyooka kama kamba; iache ilegee kidogo ndani ya kona ili ukuta ukicheza isichanike. Ikiwa kuna mahali pamoja ambapo maji hutorokea kuliko pengine, ni pale ukuta unapokutana na sakafu ya shawa, hivyo usizipake kuta ukaisahau sakafu.

Na yale matundu. Kwako ni bomba la moto, la baridi, na linalokwenda juu kwenye kichwa cha shawa. Toboa kwa kekee ya mviringo, si kwa nyundo, tundu liwe kubwa kuliko bomba kwa milimita chache tu. Paka praima na kinga ndani ya ukingo wa tundu, jaza nafasi iliyobaki kwa silikoni, kisha vaa kola ya mpira inayolibana bomba na kulala bapa ukutani. Kola hiyo inazamishwa ndani ya kinga kama tepu ya kona. Fundi akikuambia kwamba kile kifuniko cha kromu kitaziba, mwambie kifuniko ni pambo.

Baada ya hapo paka ukuta wote mikono miwili, wa kwanza kwenda juu na chini, wa pili kwenda kushoto na kulia. Ndani ya shawa paka kutoka sakafuni hadi darini, maana unabandika hadi huko; nje ya shawa endelea angalau nusu mita kutoka mwisho wake. Ndoo imeandikwa kiasi kinachotakiwa kwa kila mita ya mraba. Lipime eneo lako, piga hesabu, kisha angalia kimebaki nini kwenye ndoo. Ikiwa imebaki nusu, utando ni mwembamba mno hata kama ukuta unaonekana umefunikwa vizuri. Hii ndiyo njia ya kujua ukweli bila kugombana na mtu. Acha mkono wa kwanza ukauke kabla ya wa pili, na wa pili upate muda wote ulioandikwa, mara nyingi kama siku nzima. Mulika tochi ukiwa umeilaza kando ya ukuta. Vitundu kama vya sindano vitajionyesha, uviguse kwa brashi.

Jambo moja wengi hulikosea kwa nia njema: usitandike nailoni nyuma ya bodi wakati mbele umepaka kinga. Unyevu ukipata njia ya kuingia kati yao hautapata njia ya kutoka.

Upande wa sinki ni mwepesi zaidi. Vua bodi zenye skimu, rudisha bodi za kijani tupu, ziba maungio, paka praima, na paka kinga nyuma ya sinki hadi juu kidogo ya bomba lake na ukanda wa chini kuzunguka chumba. Ikiwa moyo hauko tayari kuzivua, basi ondoa rangi yote kwa msasa, chagua vigae vyepesi vya ukutani vya milimita 7 au 8, na upige hesabu yake ili jumla isivuke kilo 20. Poselini yako hapo haitaingia.

Nibakize neno kuhusu ndoo ya gundi. Gundi ya ndoo hukauka kwa kupoteza maji yake. Nyuma yake utakuwa na utando usiopitisha maji, mbele yake poselini isiyonywa maji. Maji hayo yataondokea wapi? Nimebandua vigae vya namna hiyo wiki kadhaa baadaye, katikati gundi ikiwa bado mbichi kama siku ya kwanza. Tafuta gundi ya unga ya saruji yenye alama C2 na S1 kwenye mfuko. C2 ina mshiko ulioongezwa, S1 inanyumbuka kidogo ukuta ukicheza. Hiyo hukomaa kwa kuungana na maji, haihitaji kukaushwa na hewa. Itandazwe kwa mwiko wa meno ya milimita 10, mistari yote ielekee upande mmoja, na nyuma ya kila kigae kipakwe tabaka jembamba. Kigae cha tatu au cha nne, mwambie fundi akibandue mbele yako. Mgongo wake uwe umefunikwa na gundi karibu wote, 95% kwa upande wa shawa, na pembe zote nne ziwe zimeshika.

Kona zote, na pale vigae vinapokutana na sakafu, zisijazwe grauti. Ziachwe wazi milimita chache zijazwe silikoni ya bafuni.

Kabla bodi hazijafungwa, piga picha ya kila sehemu ya fremu huku umeinyoosha futi ya kupimia kando yake, uonekane umbali wa nguzo na mabomba kutoka sakafuni na konani. Siku utakayotaka kutundika rafu utajua pa kutoboa, na kabla ya kuingiza plagi na skrubu utajaza silikoni ndani ya tundu, kwa sababu utakuwa umetoboa ule utando.